Dole Gumba la Kushoto

Siku ya pili ya Krismasi, saa tisa alasiri, Annastella aliondoa sahani za ndizi mezani, akapangusa meza mara mbili kwa kitambaa kibichi, akaweka katikati faili la kaki alilopewa na mumewe, na juu yake kalamu. Kisha mwanawe Derick, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, akaleta boksi la mchezo, akalisukuma faili pembeni kwa kiwiko na kulitua boksi mahali pale pale.

Ephrasia aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti cha mbao kilicholetwa toka jikoni, maana makochi yalikuwa ya wenyewe. Faili alilijua. Tangu baba yao, mzee Rutaihwa, afariki mwezi wa tatu, kaka yake Gozbert hakumpigia simu hata ya kumjulia hali. Wiki iliyopita ndiyo akapiga, sauti tamu. Njoo Nyanga, hapa Bukoba mjini, tule sikukuu, alisema, sisi ni damu moja. Damu moja! Miaka tisa Ephrasia alimwogesha mzee, alimgeuza kitandani, alimpondea ndizi na kumlisha kwa kijiko kule Buganguzi, na damu hiyo moja ilikuwa hapa mjini imekaa kwenye kochi inasikiliza taarifa ya habari.

Ndani ya faili kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa wosia wa mzee, unaosema kibanja chote cha Buganguzi, yaani shamba la migomba, na nyumba iliyomo ni mali ya Gozbert. Ya pili ilikuwa ya Ephrasia kutia sahihi kwamba ameukubali wosia huo na ataondoka kabla Januari haijaisha. Bila sahihi ya anayeishi pale, Gozbert alikuwa ameambiwa, mambo yatakwama. Na alikuwa na haraka. Alitaka kung'oa migomba apande mikaratusi. Mtu mzima, kazaliwa Buhaya, kakulia kwenye kivuli cha migomba ya baba yake, anataka kupanda mikaratusi! Ephrasia alipoambiwa mara ya kwanza alidhani ni masihara, kisha akakumbuka kuwa kaka yake hajawahi kuwa na akili ya kufanya masihara.

"Tuanze na mchezo," Gozbert alisema, akijinyoosha kochini. "Dada achangamke kidogo. Mambo ya karatasi ni dakika mbili tu."

"Ni sawa kabisa," alisema Ta Lameki, mwenyekiti wa ukoo, ambaye husema ni sawa kabisa mahali popote penye nyama.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kijasusi. Derick aliwasomea maelezo kutoka kwenye mfuniko kwa sauti ya mtangazaji. Katika mji mmoja wa bandari mkuu wa majasusi amekufa, ameacha hati ya siri, na hati hiyo imeghushiwa. Mmoja wa watu wake wa karibu ni msaliti. Wachezaji watafungua bahasha tano, moja baada ya nyingine, na hakuna ruhusa kufungua ya pili kabla ya kufumbua fumbo la kwanza. Ndani ya boksi kulikuwa na lenzi ya kukuzia, pedi ya wino, na kadi moja yenye matundu matundu.

Bahasha ya kwanza ilikuwa na mistari sita ya herufi zisizo na maana. Derick, mwenye shahada, alitoa simu. Gozbert, aliyekaa ofisi za serikali miaka thelathini na moja, alizitazama herufi kwa muda mrefu akasema zinafanana na namba ya jalada. Ta Lameki alisema ni Kilatini. Ephrasia akaivuta karatasi. Shuleni kwa masista walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi za kuruka ili sista asielewe, na huyu jasusi wa bandari alikuwa na ujanja ule ule wa wasichana wa darasa la saba.

"Ruka mbili, soma ya tatu," alisema. "Imeandikwa Buganguzi."

"Jamani," Annastella alisema akipita na chupa ya chai, "siku hizi wanatengeneza vizuri. Wamefika mpaka Muleba."

Derick akaandika Buganguzi kwenye karatasi ya majibu, akafungua bahasha ya pili.

Humo kulikuwa na ramani ya bandari, yenye meli na mnara wa taa. Ukiweka juu yake ile kadi ya matundu, meli zilipotea, na kilichobaki kikawa nyumba ya bati yenye kibaraza, banda la ng'ombe, mstari wa emilamula, miti ile inayopandwa mpakani, na makaburi matatu. Kaburi la tatu lilikuwa bado jipya. Mbele ya nyumba, chini ya mgomba mmoja, kulikuwa na alama ndogo ya msalaba. Ephrasia aliutambua ule mgomba. Alikuwa ameuwekea nguzo mwenyewe wiki mbili zilizopita, na nguzo ilikuwemo kwenye ramani, imeegemea upande wa kushoto kama alivyoiacha.

"Swali," Derick alisoma. "Ni nini kimezikwa hapa? Jibu lina herufi nne."

Wakafikiri. Gozbert alisema mbwa, Derick akamwambia anahesabu vibaya, na Gozbert akahesabu tena kwa vidole akakuta kweli mbwa ni nne, ila mzee hakuwahi kufuga mbwa. Ephrasia alikwisha kulijua. Alitaka kuona kama kuna mtu chumbani mle mwenye kumbukumbu inayofika jana.

"Dole!" Ta Lameki alisema, akapiga goti lake kwa furaha. "Si dole la mzee hilo? Nililitolea neno mimi mwenyewe!"

Ni kweli alilitolea. Mwaka themanini na nne mashine ya kukobolea kahawa, kule Kagoma, ilimnyofoa mzee Rutaihwa dole gumba la mkono wa kushoto. Likarudishwa nyumbani limefungwa kwenye jani la mgomba, ukoo ukakutana, zikapikwa ndizi, olubisi, pombe ya ndizi, ikanywewa, na dole likazikwa kwa heshima chini ya mgomba mbele ya nyumba. Ta Lameki, wakati huo kijana mwenye sauti nzuri, alisimama akasema kuwa dole hili limefanya kazi na sasa limepumzika. Watu walilia. Gozbert alikuwepo, ameshika taa ya chemli. Miaka arobaini baadaye wanaume hawa wawili walikaa wakaandika wosia, na kumbukumbu yote hiyo ilikuwa imewatoka, safi, kama maji kwenye jani la gimbi.

"Dole ni sahihi," Derick alisema. "Pointi kwa Babu Lameki."

Bahasha ya tatu ilikuwa na hati ya siri yenyewe. Derick akasimama kuisoma. "Mimi, Rutaihwa, wa Buganguzi, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu yeyote, ninamwachia mwanangu Gozbert kibanja changu chote..." Alisoma hadi mwisho bila kukwama. Ilikuwa ni ile ile iliyokuwa kwenye faili la kaki, neno kwa neno, hata doa la chai kwenye kona. Chini kabisa palikuwa na alama nyeusi ya dole, na pembeni yake, kwa mwandiko wa Ta Lameki, maneno: dole gumba la kushoto la mwenye wosia.

Annastella alikwenda jikoni kugeuza senene kwenye kikaango, akarudi.

"Swali la tatu," Derick alisema. "Alama hii ni ya nani? Tumia pedi ya wino na lenzi. Wachezaji wote watoe alama zao."

Wakatoa. Wote watano walibonyeza madole yao ya kushoto kwenye pedi, kisha kwenye karatasi, wakicheka. Gozbert alibonyeza kwa nguvu kuliko wote, maana hapendi kushindwa. Derick akainama na lenzi, akalinganisha mistari, mmoja baada ya mwingine, akachukua muda wake. Halafu akanyanyuka akapiga makofi.

"Baba! Msaliti ni wewe!"

"Basi nimekamatika," Gozbert alisema. Akacheka na tumbo zima, akapangusa wino kwenye kitambaa cha kochi, mkewe akamkemea kwa ajili ya kitambaa.

Ephrasia aliweka kikombe chini.

"Kaka," alisema, "huo ni wosia wa tata, baba yetu."

"Ndiyo."

"Na dole ni lako."

"Umesikia mwenyewe, mchezo umesema."

"Tata hakuwa na dole la kushoto. Ukoo mzima ulilikalia matanga."

Ta Lameki akajikuna shingo. Alieleza, kwa upole wa mtu anayemfafanulia mtoto, kwamba sheria inataka dole la kushoto. Yeye aliwahi kuliona kwenye karatasi moja. Wakati ule mzee alikuwa amelala na la kushoto halikupatikana, kwa hiyo wakatumia la mwanawe wa kwanza, ambaye ni mrithi, na mrithi ni yule yule baba. Lilikuwa jambo la utaratibu tu. Alipomaliza aliangalia huku na huku, ameridhika, akachukua senene mbili.

Ephrasia aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa kuchukia, na kumbe hata chuki walikuwa hawaifikii. Wezi wenye akili angewaheshimu kidogo. Hawa waliiba kwa mkono usiokuwepo, wakaandika na jina la mkono, wakapiga na muhuri.

"Tuendelee," Derick alisema. "Bado mbili."

Bahasha ya nne ilikuwa na mstari mmoja tu. Mwiteni shahidi. Kama shahidi amekwisha kufa, subirini dakika kumi.

Wakasubiri. Derick aliweka saa ya simu. Gozbert alitumia nafasi hiyo kusogeza faili la kaki karibu na dada yake, taratibu, kwa kidole kimoja. Dakika ya nane mlango ukagongwa, na Annastella akaenda kufungua.

Mzee Rutaihwa aliingia amevaa suti ya kijivu aliyozikiwa, udongo mabegani, rozari imezungushwa mkononi. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema wanachimba kalavati pale Muleba na magari yanapita upande mmoja. Annastella alimwomba avue viatu kwa ajili ya zulia, kisha akaona kuwa hana viatu, akamletea ndala.

Ephrasia alipiga magoti. "Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

Wote wakasema hawajambo. Akapewa kochi. Ephrasia aliona kuwa vidonda vya mgongoni vimepona, maana aliegemea bila kuguna, na akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Miezi tisa hii alikuwa akikosa usingizi kwa kuwaza kama aliviosha vya kutosha. Na kulikuwa na furaha nyingine, kubwa zaidi. Sasa itasemwa. Mwenye kibanja mwenyewe amekaa hapa, ana mdomo, na wajinga hawa wamemwita kwa mikono yao.

"Babu," Derick alisema, "wewe ndiye shahidi. Swali ni moja. Hii alama ni yako?"

Mzee akaipokea hati, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole. Kisha akainua mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vinne, kama vilivyokuwa kwa miaka arobaini.

"Si yangu," alisema.

"Tumeshinda!" Derick akafungua bahasha ya tano. Ilikuwa na cheti chenye nembo ya tai na nafasi ya jina, kwa ajili ya jasusi bora. Akaandika Ephrasia, kwa sababu Shangazi ndiye aliyefumbua fumbo la kwanza na kuuliza maswali mazuri kwenye la tatu. Wakampigia makofi. Gozbert pia alipiga.

Ephrasia hakukiangalia cheti. "Tata," alisema, "waambie sasa."

"Nitawaambia," mzee alisema. Akawageukia Gozbert na Ta Lameki, na uso wake ulikuwa mkali. "Nyinyi ni wapumbavu. Mnatia dole la kushoto! Mtu yeyote wa ukoo akiliona atacheka. Mmenifedhehesha."

"Tusamehe, waitu, mzee wetu," Ta Lameki alisema, ameinamisha kichwa.

"La kulia lilikuwepo! Mngeniamsha tu. Mngesema, mzee, tia dole hapa, ningetia. Nani aliwaambia ningekataa?"

Senene zilikuwa zinapoa kwenye bakuli.

"Tata," Ephrasia alisema.

"Mwanangu, kibanja hakiendi kwa mtoto wa kike. Baba yangu hakufanya hivyo, na mimi sikuwa na mpango huo. Wewe hukuniuliza, ndiyo maana sikukwambia."

"Nilikuogesha miaka tisa."

"Uliniogesha vizuri sana," mzee alisema. "Hata kule ninasema hivyo. Mungu atakulipa."

Mungu! Ephrasia alimwangalia mtu huyo ambaye alikuwa amemjua mwili mzima, kila kovu na kila kidonda, akaona kuwa hakuwahi kumjua hata kidogo. Kumbe miaka yote alimwogesha Gozbert mwingine, mzee zaidi, mwenye adabu ya kuomba maji.

Mzee Rutaihwa aliomba pedi ya wino. Gozbert akaiwahi, akatoa wosia kwenye faili la kaki, akaunyoosha juu ya mapaja ya baba yake kwa heshima. Dole la kulia likabonyezwa, mara moja, pembeni ya lile la uongo. Lilitoka vizuri. Ta Lameki akaliandikia maelezo. Tarehe ilimpa taabu kidogo, kwa kuwa tarehe ya leo mwenye wosia alikuwa marehemu, hivyo wakakubaliana iachwe ile ya zamani.

"Kama mwenyewe ametia," Ta Lameki alisema, akifunika kalamu, "sahihi ya Ephrasia ya nini tena? Tusimsumbue mtoto wa watu."

"Ni kweli," Gozbert alisema. Karatasi ya pili akaichana vipande vinne, akamtazama dada yake kwa uso wa mtu aliyefanya hisani.

Derick akaanza kurudisha vitu kwenye boksi. Alisema ni mchezo mzuri lakini ukishachezwa mara moja basi, siri inakuwa imejulikana. Annastella akamfungia mzee senene kwenye mfuko. Mzee akanyanyuka, akasema safari ni ndefu, akaunyoosha mkono wa kulia kutafuta bega, kama alivyozoea.

"Ephrasia, nisindikize. Njia inanipotea siku hizi."

Ephrasia alichukua mkoba wake, akamsindikiza mpaka getini, maana mgeni husindikizwa. Pale akasimama.

"Majani yameota pale juu yangu," mzee alisema. "Mvua zimekuwa nyingi. Ukifika, palilia."

"Mwambie mwenye kibanja."

"Gozbert hajui hata kushika jembe."

"Mtazoeana, tata. Mnafanana sana."

"Basi nishike mkono mpaka stendi."

"Mkono nilikushika miaka tisa," Ephrasia alisema. "Leo ni sikukuu, napumzika."

Akamwacha. Alipita upande wa pili wa barabara, akateremka kuelekea mjini bila kugeuka, na hakujisikia vibaya, jambo ambalo lilimshangaza kidogo na hakuna lingine lililomshangaza siku hiyo.

Mzee Rutaihwa alionekana stendi ya Bukoba siku kadhaa, amekaa kwenye benchi na mfuko wake wa senene. Wapiga debe walimzoea. Walimwambia abiria wa kaburini anahitaji mtu wa kumpokea huko aendako, kwa hiyo asubiri, na yeye akasubiri. Simu ya Gozbert ilipigwa mara mbili kwa ajili hiyo. Alisema ana shughuli nyingi na kibanja.

Ephrasia alihamisha vitu vyake wiki ya pili ya Januari, kwa pikipiki, safari tatu. Alipanga chumba Kagoma nyuma ya duka la Jovitha, rafiki yake wa kwaya, na huko ndiko habari zilikomfikia. Gozbert alileta vijana wanne wenye mapanga, wakakata migomba kwa siku mbili, ikalala yote chini. Siku ya tatu wakaanza kuchimba mashimo ya mikaratusi. Walipofika kwenye makaburi wakakuta la mzee liko wazi, yeye hajarudi, na wakamwuliza Gozbert wafanyeje. Gozbert alilichungulia. Akasema shimo hilo tayari limechimbwa, hakuna haja ya kupoteza nguvu, na wao wakaweka mche humo, wakafukia, wakaenda kwenye mstari unaofuata.